Kufuta historia ya kivinjari kwenye kompyuta ya familia: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Nyumba nyingi za Dodoma, iwe Nkuhungu, Ilazo au Nzuguni, zina kompyuta moja sebuleni na watumiaji wengi. Mama anaangalia salari slipu yake, kijana wa kidato cha nne anatafuta mitihani iliyopita, binamu aliyekuja kusoma UDOM anaomba mkopo wa HESLB, shangazi anatuma maombi Ajira Portal. Kila mmoja ana haki ya kufanya mambo yake bila anayemfuata kwenye kiti kuyakuta yametandazwa.

Majibu haya yanahusu Chrome, Edge na Firefox kwenye Windows 10 na 11. Majina ya vitufe tumeyaacha kama yanavyosomeka kwenye skrini, kwa kuwa kompyuta nyingi mtaani bado ziko kwa Kiingereza. Toleo la kivinjari chako likiwa la zamani, kitufe kinaweza kuwa na jina tofauti kidogo, lakini njia za kibodi ni zilezile.

## Mambo ya mwanzo

1. Historia ya kivinjari ni nini hasa?

Ni orodha ya kurasa zilizofunguliwa, kila moja na tarehe na saa yake. Bonyeza Ctrl+H uione. Chrome huonyesha kurasa za siku 90 zilizopita. Orodha hii inakaa kwenye diski ya kompyuta, ndani ya folda ya mtumiaji wa Windows, ndiyo maana familia inayoingia kwa jina moja la mtumiaji inachangia historia moja.

Ila watu wakisema "historia" huwa wanamaanisha vitu kadhaa kwa pamoja, na ni muhimu kuvitofautisha. Orodha ya kurasa inaonyesha ulikwenda wapi. Vidakuzi ndivyo vinavyoifanya tovuti ikukumbuke, hivyo anayefungua Gmail baada yako anaingia moja kwa moja kwenye barua zako. Kache ni nakala za picha na vipande vya kurasa zilizotunzwa ili ukurasa ufunguke haraka mara ya pili. Halafu kuna maneno uliyowahi kujaza kwenye fomu, na manenosiri yaliyohifadhiwa.

Tukisema ukweli, orodha ya kurasa ndiyo inayowatia watu wasiwasi, lakini madhara makubwa hutoka kwenye vidakuzi na manenosiri. Mtu akijua ulitembelea tovuti ya benki, hajapata kitu. Akiikuta akaunti yako ya barua pepe wazi, anaweza kuomba nenosiri jipya la karibu kila huduma unayotumia.

2. Nafutaje vyote kwa mara moja?

Fungua kivinjari, bonyeza Ctrl+Shift+Delete. Njia hii ni moja kwa Chrome, Edge na Firefox. Kitatokea kisanduku chenye sehemu ya muda na orodha ya vitu vya kutiwa tiki.

Anza na muda. Kwenye Chrome na Edge chagua "All time", kwenye Firefox chagua "Everything". Kisha tia tiki kwenye historia, vidakuzi na kache. Kwenye manenosiri usitie tiki kama huna uhakika kwamba wenye akaunti wanayakumbuka. Soma kwanza swali la 9. Malizia kwa kubofya "Delete data" kwenye Chrome, "Clear now" kwenye Edge au "Clear" kwenye Firefox. Kompyuta ya zamani yenye kache kubwa inaweza kuchukua dakika kadhaa, usifunge kivinjari kabla haijamaliza.

Ukipotea kwenye menyu, andika chrome://settings/clearBrowserData kwenye upau wa anwani wa Chrome, au edge://settings/clearBrowserData kwenye Edge, utafika palepale.

3. Nimefuta, mbona bado zinaonekana?

Sababu ya kwanza, inayowakuta wengi, ni muda. Kisanduku mara nyingi hufunguka kikiwa kimechagua saa moja tu iliyopita au siku moja. Ukibofya bila kuangalia, umefuta ya leo na ya wiki nzima yamebaki.

Sababu ya pili ni kivinjari kingine. Umefuta Chrome, lakini ulichotafuta kupitia kisanduku cha utafutaji cha Windows kilifunguka Edge, na PDF nyingi pia hufunguka humo. Kila kivinjari kina historia yake, kwa hiyo kila kimoja kinafutwa peke yake.

Sababu ya tatu ni tabo ulizoacha wazi. Kufuta historia hakufungi tabo.

Ya nne ni alamisho. Ukurasa uliowahi kuuwekea nyota hauguswi na ufutaji, na utaendelea kujitokeza kwenye upau wa anwani. Na kama mapendekezo yanatoka kwenye akaunti ya Google iliyo wazi, kufuta kilichomo kwenye kompyuta hakutoshi. Nenda swali la 7.

4. Nataka kuondoa ukurasa mmoja tu, siyo vyote.

Hili mara nyingi ndilo jambo la busara zaidi, kwa sababu historia iliyo tupu kabisa nayo inaleta maswali nyumbani. Bonyeza Ctrl+H, tafuta ukurasa kwa jina, tia tiki, ufute.

Firefox ina njia nzuri kuliko zote: ukibofya kwa kitufe cha kulia cha kipanya kwenye ukurasa ulio ndani ya historia na kuchagua "Forget About This Site", inaondoa tovuti nzima pamoja na vidakuzi vyake.

Kuna mabaki madogo ambayo watu huyasahau. Andika herufi moja kwenye upau wa anwani, tuseme "z", uone kinachoshuka chini yake. Pendekezo usilolitaka lifikie kwa mshale wa kushuka wa kibodi, liking'aa bonyeza Shift+Delete. Linaondoka hilo tu, mengine yanabaki.

5. Nikifuta nitapoteza nini?

Ukifuta orodha pekee, karibu hakuna. Ukifuta vidakuzi, kila mtu nyumbani ataondolewa kwenye akaunti zake na atalazimika kuingia upya, kwa hiyo waambie kwanza. Fomu uliyoijaza nusu, kwa mfano ya mkopo au ya ajira, ihifadhi kwanza ndani ya mfumo wenyewe. Ukiondolewa katikati, ambayo hukuyahifadhi yanapotea.

## Akaunti zilizo wazi

6. Dirisha la siri linatosha?

Kwa shughuli fupi, ndiyo, na ni bora kuliko kufuta baadaye. Chrome na Edge ni Ctrl+Shift+N, Firefox ni Ctrl+Shift+P. Ukifunga madirisha ya siri yote, orodha na vidakuzi vya humo vinaondoka vyenyewe.

Zingatia neno "yote". Madirisha ya siri yaliyo wazi kwa wakati mmoja yanachangia vidakuzi. Ukifunga moja na kuacha jingine limejificha chini ya skrini, anayekuja anaweza kulifungua na kuikuta akaunti yako.

Mafaili uliyopakua hubaki kwenye folda ya Downloads, na alamisho ulizoweka hubaki pia. Vilevile dirisha la siri halimzuii mwenye mtandao kuona ulikokwenda. Tazama swali la 16.

7. Vitu nilivyotafuta kwenye simu yangu vinatokea kwenye kompyuta ya sebuleni. Imekuwaje?

Uliwahi kuingia kwenye Chrome ya kompyuta hiyo kwa akaunti yako ya Google, ukakubali usawazishaji (sync). Tangu hapo historia ya simu na ya kompyuta ni kitu kimoja: unachotafuta ukiwa ofisini Mtumba, mtoto aliye nyumbani anaweza kukiona kwa Ctrl+H, kwenye sehemu ya tabo za vifaa vingine.

Hapa mpangilio wa hatua una maana kubwa. Ukifuta historia huku usawazishaji ukiwa umewashwa, unafuta na ile ya kwenye simu. Kama hutaki hivyo, bofya kwanza picha yako juu kulia, ondoa akaunti kwenye Chrome, ndipo ufute yaliyobaki kwenye kompyuta.

Uko mbali na nyumbani? Fungua akaunti yako ya Google kwenye simu, nenda sehemu ya usalama, kwenye vifaa vyako, chagua kompyuta ile uiondoe.

Google pia inatunza kumbukumbu yake ya utafutaji, tofauti na ya kivinjari. Inapatikana myactivity.google.com, na humo unaweza kuweka ijifute yenyewe baada ya miezi 3, 18 au 36. Ya YouTube imo humohumo. Ndiyo sababu unafuta Chrome nzima na bado YouTube inakupendekezea video zilezile: umefuta kilichopo kwenye kompyuta, siyo kilichopo kwenye akaunti.

8. Nilifungua WhatsApp kwenye kompyuta. Nikifunga tabo, imejifunga?

Hapana. Anayefungua web.whatsapp.com baada yako anakuta mazungumzo yako, hata simu yako ikiwa imezimwa. Njia ya uhakika ni kupitia simu: fungua WhatsApp, nukta tatu juu, "Linked devices", gusa jina la kompyuta, kisha "Log out". Ukishatoka, angalia kama orodha hiyo ina vifaa vingine usivyovitambua, uvitoe navyo.

9. Kivinjari kiliuliza kama kihifadhi nenosiri, nikakubali. Nifanyeje?

Kwenye Chrome andika chrome://password-manager/passwords, utaona tovuti zote zilizohifadhiwa. Fungua ya kwako, uifute. Kivinjari huomba nenosiri au PIN ya Windows kabla ya kuonyesha herufi, lakini kama nyumba nzima inajua PIN hiyo, kinga hiyo haina kazi. Na hata bila kuliona nenosiri, mtu anaweza kuingia kwa sababu fomu inajijaza yenyewe.

Kabla ya kufuta, liandike mahali salama kama hulikumbuki. Watu hufuta yote kwa pamoja, halafu mfumo wa serikali unawadai nenosiri siku ya mwisho ya maombi. Na kama usawazishaji umewashwa, kulifuta hapa kunaweza kuliondoa hata kwenye simu yako.

10. Umeme ulikatika nikiwa ndani ya akaunti. Kuna tatizo?

Lipo, hasa kwa kompyuta ya mezani isiyo na UPS (betri ya akiba). Kivinjari kilichozimika ghafla kikifunguliwa tena huuliza "Restore pages?", na anayebofya hapo anarudishiwa tabo zako zilezile, mara nyingi akaunti ikiwa bado wazi. Umeme ukirudi, wewe ndiye uwe wa kwanza kukifungua, utoke kwenye akaunti zako kisha ufute. Ukishindwa kukaa kusubiri, tumia simu kutoka kwenye vifaa vingine kama ilivyoelezwa katika swali la 7 na la 8. Tabo za dirisha la siri hazirudishwi, na hiyo ni sababu nzuri ya kulitumia kwa mambo ya benki.

## Mafaili

11. Nimefuta historia ya upakuaji. Faili lenyewe limeondoka?

Halijaondoka. Kilichofutwa ni orodha tu. Faili lipo kwenye folda ya Downloads, na hii ndiyo sehemu inayosahaulika kuliko zote: nakala ya kitambulisho cha NIDA, cheti cha kuzaliwa, barua ya hospitali, taarifa ya benki, vyote vimepangana humo kwa tarehe.

Fungua Downloads kwa Windows+E kisha chagua folda hiyo. Ctrl+J ndani ya kivinjari huonyesha orodha tu. Ya kwako unayoyahitaji yahamishie kwenye flashi, ya kwako yanayobaki yafute kwa Shift+Delete ili yasipitie Recycle Bin. Uliyoyafuta kwa kawaida bado yako kwenye pipa hilo mpaka ulimwage.

Baada ya hapo angalia mafaili ya karibuni. Windows+E ikifunguka huonyesha mafaili yaliyofunguliwa hivi majuzi kwa majina. Nenda kwenye chaguo za folda, sehemu ya "Privacy", ubofye "Clear". Na kama umewahi kuwasha kumbukumbu ya kunakili, bonyeza Windows+V: namba ya NIDA au ya simu uliyonakili inaweza kuwa bado imekaa pale.

## Kupanga mambo nyumbani

12. Kuna njia ya kutofuta kila siku?

Ipo, na tunaipendekeza kuliko kila kitu kilichoandikwa hapa: kila mtu awe na mtumiaji wake wa Windows. Historia, vidakuzi, manenosiri, Downloads, vyote vinatengana vyenyewe. Ni kama kila mtu kupewa droo yake yenye ufunguo badala ya wote kugombania kuisafisha meza moja.

Bonyeza Windows+I, nenda "Accounts", kisha "Other users" (kwenye Windows 10 ni "Family & other users"), bofya kuongeza mtu. Windows itadai barua pepe. Kama hana, chagua "I don't have this person's sign-in information", kisha "Add a user without a Microsoft account", andika jina na nenosiri. Rudia kwa kila mmoja. Watoto wabaki watumiaji wa kawaida. Msimamizi awe mtu mzima mmoja au wawili, kwa kuwa msimamizi anaweza kufungua folda za wengine, na hilo familia ilijue mapema.

Ukinyanyuka, bonyeza Windows+L. Bila hiyo, mpango wote umebaki jina.

Wengine hutumia wasifu (profile) tofauti ndani ya Chrome. Inasaidia historia zisichanganyike, lakini siyo kufuli: yeyote anaweza kubofya picha na kuhamia wasifu wako bila kuulizwa chochote.

13. Kivinjari kinaweza kujifuta chenyewe kikifungwa?

Edge na Firefox vinaweza. Kwenye Edge ingia mipangilio ya faragha, tafuta sehemu ya kuchagua vya kufutwa kila unapofunga. Firefox ina "Clear history when Firefox closes", chini ya mipangilio maalumu ya historia. Chrome ina chaguo la kuondoa data za tovuti ukifunga madirisha yote, lakini orodha ya kurasa inabaki. Mgeni akiomba kutumia kompyuta, mfungulie hali ya mgeni ya Chrome kupitia picha ya wasifu: akifunga, historia na vidakuzi vyake vinaondoka, na ya kwenu hayaoni.

14. Nifute mara ngapi? Bando langu ni dogo.

Vidakuzi na orodha, kila unapomaliza jambo nyeti. Kache iache mpaka ukurasa unafunguka vibaya au diski imejaa. Ukifuta kache, picha na vipande vyote vya kurasa vinapakuliwa upya, na MB zinaliwa bila faida kubwa ya faragha kwa matumizi ya nyumbani.

15. Mtoto anafuta historia. Ana la kuficha?

Si lazima. Kijana anayesoma kuhusu mabadiliko ya mwili wake anafuta kwa aibu, na aibu hiyo ni ya kawaida kwa umri wake. Kupekua kila jioni kunamfundisha kufuta vizuri zaidi.

Kwa watoto wadogo, weka usimamizi ulio wazi na mtoto aujue. Akaunti ya mtoto iliyo chini ya Family Link ya Google haiwezi kufungua dirisha la siri la Chrome, na Microsoft Family Safety inampa mzazi ripoti kupitia Edge. Ukikuta ishara kwamba kuna mtu mzima anamsumbua mtoto mtandaoni, usifute kitu. Piga picha za skrini, na upige 116, huduma ya simu kwa mtoto, ambayo ni bure.

## Mazingira ya pekee

16. Baada ya kufuta, nani bado anaweza kujua?

Tovuti yenyewe, mtoa huduma wa intaneti, na anayesimamia mtandao. Kufuta kunaondoa kilichopo kwenye kompyuta tu. Ruta nyingine za nyumbani zina uwezo wa kutunza orodha ya tovuti zilizotembelewa. Windows pia hukumbuka kwa muda majina ya tovuti. Yanafutwa kwa kufungua Command Prompt na kuandika ipconfig /flushdns.

17. Laptopu ni ya ofisi, ila nyumbani tunaitumia wote. Kitufe cha kufuta hakibofyeki.

Kivinjari kinasimamiwa na ofisi. Kwenye menyu ya Chrome utakuta maneno "Managed by your organization". Msimamizi anaweza kuzuia ufutaji na kuona yaliyofunguliwa. Usitafute mbinu za kuvunja zuio hilo. Mambo ya familia yahamishieni kwenye kifaa kingine.

18. Nimekuta akaunti ya ndugu yangu iko wazi. Nifanye nini?

Itoe, umwambie. Usisome. Kuingia kwenye mfumo wa mtu bila ruhusa ni kosa chini ya Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015, na undugu haujatajwa kuwa kibali.

19. Ninayemhofia anaishi humu ndani na anakagua kompyuta.

Usifute yote kwa mkupuo, kwa kuwa historia iliyo tupu inaweza kumchochea. Ondoa kurasa chache tu kama ilivyo kwenye swali la 4. Kama unahisi ameweka programu ya kukufuatilia, dirisha la siri halitakusaidia, maana programu za namna hiyo husoma hata unachoandika kwenye kibodi. Tafuta msaada na ubadilishe manenosiri kupitia kifaa cha mtu unayemwamini, nje ya nyumba. Vituo vya polisi vina Dawati la Jinsia na Watoto, na unaweza kwenda ana kwa ana bila kuacha alama yoyote kwenye kompyuta.

20. Kompyuta inakwenda kwa fundi, au tunampa ndugu wa Mpwapwa.

Kwa fundi: hamisha mafaili nyeti kwenye flashi au diski ya nje, kila mtu atoke kwenye akaunti zake, kisha fuata swali la 2 kwa kila mtumiaji na kila kivinjari. Hapa ndipo pa kufuta na manenosiri.

Kwa anayepewa moja kwa moja, futa Windows nzima. Windows 11 ni "System", kisha "Recovery", kisha "Reset PC". Windows 10 ni "Update & Security", kisha "Recovery". Chagua "Remove everything", halafu ndani ya "Change settings" washa "Clean data", vinginevyo mtu mwenye programu ya kurejesha mafaili anaweza kupata mabaki. Kazi hii inaweza kuchukua saa kadhaa. Laptopu iwe kwenye chaja muda wote. Ya mezani ifanyieni siku ambayo umeme umetulia, kwa sababu ukikatika katikati Windows inaweza isiwake tena mpaka ipakiwe upya.